Mama wa Magari

Ukikaa Awindiri, mtaa wetu wa Arua, miaka ile, ulimsikia kabla hujamwona. Lori likisimama mbele ya nyumba yake, sauti ilitoka barazani ikavuka ua wa matete hadi kwetu: "Wewe dereva, tairi hii iko na upara kama kichwa ya mjomba yako! Unataka kuua watu yangu?" Dereva akijitetea, mama alipandisha sauti. Dereva akinyamaza, alimletea chai. Jina lake nalijua, lakini nitamwita kama mji wa Arua ulivyomwita, Mama wa Magari. Yeye mwenyewe hakuwa na gari hata moja.

Kazi yake ilitokana na njia ya miguu. Ilianzia nyuma ya mji wa Koboko, kaskazini mwetu, ikapanda mgongo wa vilima vya mpakani, ikateremka kidogo upande wa Kongo, ambako serikali yao ilikuwa imeanza kutaka paitwe Zaire, kisha ikafuata vilima kuelekea kusini na kutokeza magharibi ya Arua, kwenye ghala kuukuu la kukaushia tumbaku kando ya barabara ya murram, ule udongo mwekundu wa changarawe. Ilikuwa safari ya siku kadhaa. Waliipita wanakwaya waliokwenda kwenye mikutano ya injili, wanawake walioozwa ng'ambo wakija kuona wazazi wao, wabeba chumvi na vitambaa, na vijana waliotaka tu kujua dunia imeishia wapi. Taabu ya njia hiyo haikuwa kutembea. Taabu ilikuwa kwamba ulianzia mbali na kwenu na ukaishia mahali pasipo na basi, miguu imevimba, maji yamekwisha. Lazima awepo mtu wa kukufikisha Koboko, na lazima mtu huyohuyo akumbuke kwamba siku fulani utatokeza pale ghalani ukiwa huna nguvu ya kwenda hata hatua moja zaidi.

Mtu huyo alikuwa yeye. Koboko alikuwa na mdogo wake, mama mnene mwenye kicheko, nyumba yake karibu na msikiti. Habari zilikwenda na kurudi midomoni mwa madereva. "Ambia dada yangu watu sita iko njiani, mmoja goti yake iko mbaya," na kweli jioni watu sita walikuta mikeka imetandikwa, na yule wa goti amewekewa kiti.

Mimi nilikuwa fundi cherehani, na cherehani yangu ilikaa kwenye baraza yetu iliyotazamana na ya kwake. Kwa hiyo niliyaona mengi bila kuuliza. Niliona alivyowapata madereva, na niseme wazi, aliwapata kwa uongo. Dereva wa pamba aliambiwa kuna mgonjwa anangoja njiani. Dereva wa samaki wakavu aliambiwa kuna binti mzuri. Siku moja alimsimamisha dereva wa Landrova ya wapima ardhi akamwambia kwamba bibi harusi anayetoka Kongo kwa miguu ni mpwa wa afande mkubwa pale kambini. Dereva alikwenda mbio. Aliporudi, alimfungulia mlango yule msichana, binti wa mfua vyuma, akampigia saluti. Msichana alikaribia kulia kwa hofu. Mama wa Magari akamshika mkono, akamnong'oneza, "Tingisha kichwa kidogo tu, halafu ingia ndani."

Mama yangu alimuuliza inakuwaje mtu anaswali swala tano na kusema uongo kati ya kila swala na nyingine. Hakukasirika. "Mimi sisemi uongo," alijibu. "Mimi napanga safari."

Walikuwa marafiki, wale wawili, kwa namna ya ajabu. Mama yangu alikuwa Mlugbara wa kanisani, mkali, asiyepoteza maneno. Yule alikuwa Mnubi wa mjini, wa hina mikononi na moshi wa udi nguoni, na alizungumza hata akiwa amelala. Krismasi sahani ilivuka ua kwenda kwake, Idi sahani ikavuka kurudi na gurusa, ile mikate myembamba ya Wanubi, imekunjwa kama leso. Waligombana juu ya kuku, juu ya moshi, juu ya watoto wa nani waliovunja chungu cha nani. Lakini mama yangu alipougua homa ya tumbo, gari lililompeleka hospitali lilikuwa limeshapatikana kabla baba mdogo hajavaa viatu.

Alikuwa mchoyo wa vitu na mkarimu wa taabu. Kukuazima sufuria kulimuuma siku nzima. Lakini niliwahi kumwona amesimama juani kutwa, amejifunika kanga kichwani, akisimamisha kila kitu chenye magurudumu kwa sababu kwaya ilikuwa inatokeza ghalani siku ile na lori alilopanga lilikuwa limekatika ekseli. Mwisho lilipita gari la mbuzi. Kwaya ilirudi mjini imesimama katikati ya mbuzi, ikiimba, na yeye yuko mbele na dereva, amekunja uso kwa sababu ya harufu. Wiki nzima alimlaumu kaka yangu kwa mbuzi wale.

Maana kaka yangu mkubwa ndiye aliyeongoza kwaya, na ndiye aliyeijua njia. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye pengo mbele ambalo lilifanya kila wimbo wake uwe na filimbi ndani yake. Mama wa Magari alimwita Bwana Miguu. Jioni alimwita barazani amweleze njia: wapi maji yamekauka, wapi daraja la miti limeoza, wapi askari wa Kongo wanataka sigara. Alisikiliza kwa makini, kisha alimtania: "Mungu alitupatia lori, wewe bado unataka mguu. Ukikufa huko, mimi sitakuja kukubeba."

"Utakuja, Mama," kaka alimwambia. "Utanitafutia gari la mbuzi."

Alicheka hadi akashika mbavu. Nadhani kwa watu wote wa mtaa ule, waliosali kwake na waliosali kwetu, kaka yangu ndiye ambaye mama huyo alimpenda zaidi. Nimelazimika kuliandika hilo kwa sababu ya yatakayofuata.

Mama wa Magari alikuwa na mwana jeshini. Miaka ile hilo halikuwa jambo dogo. Petroli ilipoanza kuadimika, magari ya mji mzima yakalala, lakini nyuma ya jiko lake kulikuwa na debe la petroli limefunikwa gunia, na dereva aliyekubali kubeba watu wake alipata kujaza. Kila mtu alijua debe limetoka wapi. Mwana alikuja siku za mapumziko kula kwa mama yake, na Landrova ya jeshi ilipokuwa mlangoni, watu walipita upande wa pili wa barabara. Mama wa Magari mwenyewe alibadilika kidogo. Zamani alimtaja afande kwa utani tu, ili Landrova ya wapima ardhi ikimbie. Sasa alipomtaja, madereva hawakucheka tena, wakatii tu, na niliona kwamba utii ule ulimpendeza na ulimwogofya vilevile. Siku moja alinirushia swali juu ya ua: "Mtoto yangu, watu inaniogopa mimi?" Nilikuwa na pini midomoni. Nilitikisa kichwa kwamba hapana. Alijua nimemjibu kwa adabu tu.

Na watu wa njia nao walibadilika. Wanakwaya walipungua. Badala yake kaka alianza kutembea na watu ambao hawakujua nyimbo: mwalimu aliyeacha nyumba wazi na chakula mezani, karani aliyekuwa akigeuka nyuma kila mara, mjane na watoto watatu wasiotoa sauti. Walipakiwa Arua, wakashushwa Koboko, wakaingia njiani na kaka. Waliobaki ng'ambo walikuwa wengi. Aliyetokeza ghalani mwishoni mara nyingi alikuwa kaka peke yake, na gari lilikuwa linamngoja.

Mama wa Magari alijua. Hawezi mtu kupanga viti vya watu wanaokwenda bila kurudi asijue. Mama yangu alimwambia siku moja, kwa sauti ya chini, kwamba mwana wake akijua itakuwaje. Alijibu, "Mimi sioni mutu. Mimi naona kiti ya gari. Kiti iko tupu ao iko na mutu, basi." Kisha akammiminia mama yangu chai.

Ilikuwa kiangazi, Ijumaa. Kaka alikuwa amewapeleka watu ng'ambo na alitarajiwa kutokeza mchana. Dereva wa samaki alikwenda kumchukua. Alirudi mapema mno na gari tupu. Nilimwona akishuka, akamwendea Mama wa Magari barazani, akaongea akitazama chini. Wanakijiji wa pale walikuwa wamemwambia: Landrova ya jeshi ilifika kabla yake, askari wakajificha, kijana mrefu akatoka msituni akiimba, wakamshika.

Mama wa Magari alikuja kwetu mwenyewe. Alivuka kupitia matundu ya ua badala ya kuzunguka mlangoni, kanga imeanguka mabegani, miguu mitupu. Alisema maneno matatu tu, "Wamekamata Bwana Miguu," akakaa chini mavumbini. Mama yangu alikuwa anasaga mihogo. Hakuacha kusaga. Alisema kwa Kilugbara, "Mwambieni atoke nyumbani kwangu."

Mama wa Magari alikwenda kambini siku ile na siku nyingi zilizofuata. Hata mwana wake hakumkubalia kuingia. Mtaani ilisemwa kwamba amemuuza kaka yangu. Wengine walisema kwa debe la petroli, wengine kwa cheo cha mwanawe. Sikujua la kuamini, kwa hiyo niliamini yote. Sahani haikuvuka tena ua. Kila asubuhi, nilipokuwa nikifungua cherehani, aliniita kutoka kwake, "Umeamkaje, mtoto yangu?" Sikumjibu. Aliendelea kuniamkia hivyohivyo, mwaka ukaisha, mwingine ukaanza, na mimi nilikanyaga cherehani kwa nguvu ili nisimsikie.

Na kila Ijumaa alitafuta gari. Lori la mbao, tipa ya mchanga, chochote. Lilimpeleka magharibi hadi ghalani, likamshusha, akakaa pale hadi gari jingine limchukue jioni. Watu walisema ni maigizo. Nilisema hivyo pia. Kama unajua umemuuza mtu, nilimwambia mama yangu, unakwenda kumngoja nini? Lakini Ijumaa moja mvua kubwa iliponyesha, nilimwona mama yangu amesimama dirishani akiitazama barabara ya magharibi hadi tipa ilipomrudisha yule mama, amelowa. Ndipo mama yangu akafunga dirisha.

Mwaka wa sabini na tisa serikali ya wanajeshi ilianguka kusini, na wanajeshi wakaanza kufika Arua wakikimbia. Walichukua kila gari. Barabara ya Koboko ilijaa magodoro, mafriji, mbuzi na watoto, vyote vikielekea Sudan au Kongo. Wanubi wa mjini walifunga nyumba zao, kwa sababu wana wao wengi walikuwa jeshini, na ilisemekana washindi wanaokuja kutoka kusini hawatauliza nani alivaa sare na nani hakuvaa.

Mwana wake alikuja na gari limejaa. Yaliyotokea niliyaona kutoka barazani kwetu. Alimwambia mama yake apande. Yeye akasimama mbele ya bampa, akaweka mikono yake miwili juu ya boneti, akasema kitu. Mwana akapiga kelele. Akapiga honi. Mama hakuondoka. Walisimama hivyo muda mrefu, injini ikinguruma, na wanajeshi wengine ndani ya gari wakimtukana. Mwisho yule mwana aliinama dirishani akamwambia maneno machache. Mama aliondoa mikono yake. Mwana alimfungulia mlango. Yeye akatingisha kichwa na kurudi nyuma, na gari likaondoka bila yeye.

Safari hii alizunguka ua. Alikuja kwa mlango, akapiga hodi. Mama yangu alimwambia aingie.

"Ni mimi," alisema. Hakukaa. "Mwana yangu alikuwa anakula. Aliniuliza, Mama, leo unatafutia nani gari? Nikamwambia. Nilisema, Bwana Miguu anarudi Ijumaa, peke yake, baada ya kupeleka watu. Nilisema kama mama anaongea na mtoto yake. Sikuuza. Nilisema tu. Wiki ile yeye hakukula tena kwangu, nikajua."

"Ulijua," mama yangu alisema.

"Nilijua ni mdomo yangu. Sikujua kama kijana iko hai. Nilifikiri, iko jela, watamwachilia, atakuja na njia yake. Nilimuuliza mwana yangu kila mwezi. Alikataa. Leo nikasema sipandi, nikanyage kama unataka. Basi akasema." Aliweka mkono ukutani. "Iko ghalani. Nyuma ya ghala ya tumbaku. Hawakumfikisha hata kambini."

Kisha akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Mimi nilikuwa nakaa pale. Kila Ijumaa, mgongo yangu kwa ukuta. Yeye iko nyuma ya ukuta."

Nilitaka kumpiga. Nilisimama. Mama yangu alininyoshea kiganja, na akamwuliza yule mama, kwa Kiswahili ambacho alikitumia mara chache, "Wewe utatuonyesha?"

"Nitaonyesha."

"Basi lala hapa. Kwako watavunja mlango."

Alilala kwetu, karibu na mafiga. Asubuhi tulikwenda kwa miguu, mimi, baba mdogo na jembe, binamu zangu wawili na baiskeli, na yeye. Hakukuwa na gari la kutafuta tena katika mji mzima. Mama yangu hakuweza kutembea umbali ule, akabaki akisafisha mahali chini ya dirisha la chumba cha kaka.

Nyuma ya ghala nyasi zilikuwa ndefu kuliko mtu. Alipaonyesha kwa mkono mzima, si kwa kidole, kama mwana wake alivyomweleza, kati ya ukuta na shina la mkaratusi. Baba mdogo alichimba taratibu. Nilitambua shati kwanza. Nililishona mwenyewe, na mishono yangu ilikuwa bado imeshika mahali nguo yenyewe ilipokwisha oza. Kisha baba mdogo akaniambia nisitazame, na nikatazama, nikaona pengo la mbele.

Yeye alikaa mbali, amejifunika uso. Alikuwa akiomba kwa Kiarabu. Sikumwambia anyamaze.

Tulimfunga kaka katika shuka jeupe tukampakia kwenye baiskeli. Kutoka ghalani hadi mpaka si mbali. Mama wa Magari alitakiwa kwenda magharibi, akimbilie Kongo, sisi mashariki. Alisimama akikung'uta nyasi kwenye kanga, hana mzigo ila mfuko wa nailoni na maji. Alitazama mahali njia ilipoingia msituni. Ndipo nilipofahamu kwamba katika miaka yote ile alikuwa hajaingia humo hata mara moja. "Nafuata wapi?" aliuliza.

Baba mdogo alinitazama. Nilimwambia aende na kaka, nitawafikia.

Sijui kwa nini nilimsindikiza. Tulitembea bila kuongea, yeye nyuma yangu, akihema. Karibu na kijito tulikuta vijana wa kijiji wamekata njia kwa gogo. Walikuwa na mapanga, na mmoja alikuwa na koti la jeshi alilomvua mtu. Walimwona hina, wakaona kanga ilivyofungwa, wakajua.

"Huyu ni mama wa askari," alisema mwenye koti kwa Kilugbara. "Mwache hapa, dada, wewe rudi."

Naweza kusema kwamba niliwaza mambo mengi, lakini sikuwaza. Niliwaambia: "Nyuma ya ghala la tumbaku tumemfukua kaka yangu sasa hivi. Kama kuna mtu wa kumdai mama huyu, ni mimi. Nani mwingine? Mlikuwa wapi siku ile? Ondoeni gogo."

Waliangaliana. Udongo ulikuwa bado mikononi mwangu na kwenye magoti. Yule wa koti alisogeza gogo kwa mguu, si lote, upana wa mtu mmoja.

Mama wa Magari hakuelewa Kilugbara tulichozungumza. Alielewa kwamba amepita. Tulivuka kijito, tukapanda hadi kwenye jiwe la mpaka, na pale nikasimama. Upande wa Kongo njia ilionekana wazi, nyekundu, na watu wengine wakitembea mbele na vyombo vichwani. Aligeuka. Nilidhani ataniomba msamaha, na nilikuwa nimeshapanga jinsi ya kukataa. Hakuniomba. Alinitazama tu, mzee, midomo imekauka, akingoja kama kuna neno.

"Fika salama, Mama," nikasema.

Aliinamisha kichwa, akashuka upande wa pili.

Nilirudi nikikimbia ili niwafikie wenye baiskeli, nikalia njiani, lakini si kwa ajili ya kaka, huyo nilikuwa nimeshamlilia. Nililia kwa hasira, kwa sababu neno lile lilikuwa limenitoka kweli, na nilikuwa namtakia afike.